Kitambaa cha jalidi kwa bustani za Arizona: gramu 30 zinatosha, shida iko kwenye ufungaji

Kuanzia Novemba, maduka ya vifaa vya bustani ya Tucson na Phoenix hutoa mbele majora ya kitambaa cheupe, chepesi kama chandarua, yakiwa yameandikwa uzito na kiasi cha baridi ambacho kitambaa kinadaiwa kuzuia. Wanaoyanunua si wenye mashamba makubwa peke yao. Yumo mama wa Kikongo mwenye matuta manne ya lengalenga (mchicha) na sombe (kisamvu), yumo Mrundi mwenye intoryi (nyanya chungu) zake, yumo Mkenya aliyepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Wote wanauliza swali moja: ninunue kipi? Jibu fupi ni kitambaa cha gramu 30 kwa mita ya mraba, kipana kuliko unavyodhani unahitaji, pamoja na kipimajoto cha bei nafuu. Vingine vilivyo dukani vina kazi zake maalumu, na viwili kati yake ni vya kuachwa palepale rafuni.

Jibu refu linahitaji kwanza kuijua baridi yenyewe, kwa sababu kitambaa hiki hakifanyi kazi kama blanketi, na anayekitumia kama blanketi atalaumu bidhaa bure.

Baridi inayokuja bila wingu

Aliyekulia Njombe, Limuru au Nyandarua anaijua jalidi, baridi inayogandisha mimea, ila anaijua ikiwa nyeupe juu ya nyasi. Ya jangwani mara nyingi haionekani. Mchana wa Desemba jua linawaka na hewa inafika nyuzi 20 za Selsiasi. Jua likizama, hakuna wingu wala mvuke wa kulizuia joto la ardhi, nalo linapanda moja kwa moja kwenda angani. Kabla ya alfajiri nyuzi zimeshuka hadi sifuri. Kwa kuwa hewa ni kavu mno, umande haujiundi, na kwa hiyo hakuna weupe wowote wa kumtahadharisha mtu. Mkulima anaamka, anaona majani ya kijani kibichi kilichokoza kama yaliyolowa maji, anafurahi. Saa sita mchana yamekuwa meusi.

Hewa iliyopoa ni nzito na hutiririka kama maji: inafuata mteremko, inajaa kwenye makorongo makavu, inakwama nyuma ya ukuta wa matofali uliofungwa pande zote. Ndiyo maana bustani mbili zilizo umbali wa mita 200 zinaweza kutofautiana nyuzi mbili au tatu usiku mmoja. Juu ya hiyo hewa ya baridi, mita 10 hadi 15 kutoka ardhini, huwa kuna tabaka lenye joto zaidi. Wenye mashamba ya malimau na machungwa huweka mapangaboi makubwa juu ya minara ili kulivuta joto hilo lirudi chini. Kwa mwenye matuta manne hilo si la kufikiria, lakini linaeleza jambo moja muhimu: usiku tulivu usio na upepo ndio wa kuogopwa, na ndio huohuo ambao kitambaa kinaufaa zaidi.

Kuna aina ya pili, baridi inayoletwa na upepo kutoka kaskazini, kama ile ya mwanzoni mwa Februari 2011 iliyoifikisha Tucson nyuzi 8 hivi chini ya sifuri na kuharibu mboga za majira ya baridi hadi Sinaloa, kule Mexico. Usiku wa namna hiyo hakuna tabaka la joto juu, upepo unapenya kila ufa, na kitambaa chochote kinachouzwa dukani huokoa sehemu tu ya mazao. Lebo hazisemi hili.

Kusoma lebo

Kitambaa hiki ni nyuzinyuzi za polipropilini zilizogandamizwa pamoja bila kufumwa. Maji hupita, hewa hupita kidogo, mwanga hupita kwa kadiri ya uzito. Marekani wanaandika uzito kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Zidisha kwa 34 upate gramu kwa mita ya mraba. Aunsi 0.5 ni gramu 17, aunsi 0.9 ni gramu 30, aunsi 1.5 ni gramu 51.

Mtego uko kwenye nyuzi za joto. Lebo ikisema kitambaa kinaongeza nyuzi 8, hizo ni za Fahrenheit, na kwa Selsiasi ni 4.4 tu. Tumeona watu wakizihesabu kama nyuzi 8 za kipimajoto walichotoka nacho nyumbani. Zaidi ya hapo, namba hiyo imepimwa kwa kitambaa kilichofungwa vizuri juu ya udongo wenye unyevu. Juu ya mchanga mkavu na pembe zilizo wazi, hesabu nusu yake.

Gramu 17 hupitisha takriban asilimia 85 ya mwanga. Hiki ni kitambaa cha wadudu zaidi kuliko cha baridi. Kwa sukuma wiki, kabichi na spinachi kinafanya kazi nzuri ya kuzuia vipepeo na vidukari, na kinaweza kukaa juu ya tuta wiki nzima bila kuidhuru mboga. Kwenye baridi kinatoa nyuzi moja, mbili ukibahatika. Kinachanika kirahisi kwenye miiba, na Arizona miiba ni mingi kuliko majani.

Gramu 30 hupitisha takriban asilimia 70 ya mwanga na hutoa nyuzi mbili hadi tatu kikifungwa vizuri. Usiku mwingi wa jalidi katika bonde la Phoenix na pembezoni mwa Tucson unashuka nyuzi moja hadi tatu chini ya sifuri, kwa hiyo uzito huu unafunika hali nyingi. Ukisahau kukifunua siku moja, mmea hauteseki sana. Kinabebeka na mtu mmoja, kinakunjika, na kinavumilia misimu miwili mitatu ukikitunza.

Gramu 50 hupitisha nusu tu ya mwanga. Kinaongeza takriban nyuzi moja juu ya kile cha 30, kwa gharama ya usumbufu mkubwa zaidi: lazima kifunuliwe kila asubuhi. Mchana wa nyuzi 20, chini yake panageuka tanuri, saladi inarefuka na kuchanua, nyanya inaangusha maua. Kwa anayeondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni, hiki si kitambaa chake. Kwa usiku michache ya hatari kabisa, tabaka mbili za gramu 30, moja juu ya matao na nyingine imelazwa moja kwa moja juu ya mboga zinazovumilia kuguswa, hufanya kazi sawa au bora zaidi, na siku zilizobaki una vitambaa viwili vya matumizi ya kawaida.

Na mashuka ya zamani? Vitabu vya bustani vilivyoandikwa kwa nchi zenye mvua huyakataa kwa sababu hulowa, huwa mazito na kuganda. Jangwani umande ni nadra, kwa hiyo shuka la pamba kavu linafaa vizuri kwa usiku mmoja au miwili. Liondolewe asubuhi, maana mwanga haupiti. Kanga ni nyembamba mno, ibaki kwenye kazi yake.

Upana, matao na kingo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Joto linaloiokoa mboga halitoki kwenye kitambaa, linatoka ardhini. Kitambaa kinalizuia tu lisikimbie. Kikiwa hakigusi ardhi kuzunguka tuta lote, kinalinda karibu sawa na mwavuli.

Piga hesabu kabla ya kununua. Tuta la upana wa mita 1 lenye matao ya nusu duara yaliyo na kimo cha nusu mita linahitaji mita 1.57 za kitambaa kupita juu yake. Ongeza sentimita 30 kila upande za kukandamiza: jumla mita 2.2. Watu wengi hununua cha mita 1.5 kwa sababu tuta ni mita 1, kisha wanakivuta kama ngoma hadi kinaelea juu ya ardhi. Urefu nao uongezwe mita 1 kila mwisho, ili ncha zikunjwe, zisokotwe na kuzikwa.

Kwa matao, waya mnene wa takriban milimita 4 unatosha kwa kitambaa cha 17 na 30. Bomba jembamba la PVC la nusu inchi, lililochomekwa juu ya vipande vya nondo vya sentimita 60, nusu yake ikiwa ardhini, hubeba hata cha 50. Weka tao kila baada ya mita 1.2. Ukiyaachia nafasi ya mita 2, kitambaa hulegea katikati, kinagusa majani, na pale kinapogusa ndipo jani huganda, kwa sababu kitambaa chenyewe kina baridi kama hewa ya nje. Mboga ngumu kama sukuma wiki hazijali kuguswa. Mchicha, bamia, nyanya, pilipili na matembele zinajali.

Kingo zikandamizwe kwa mawe, mifuko ya mchanga, au udongo. Pini za chuma za umbo la U zinazouzwa pamoja na kitambaa huonekana nadhifu dukani, lakini zinatoboa, na upepo wa kwanza unayageuza matundu kuwa mpasuko. Kama ni lazima uzitumie, kunja ukingo mara tatu kwanza kisha choma kwenye mkunjo. Vibanio vya plastiki vya kushikia kitambaa kwenye tao ni vizuri kwa bomba la PVC, havishiki kwenye waya. Mifuko ya mchanga ya kilo 2 au 3, mmoja kila mita 1, ndiyo iliyotuonyesha usumbufu mdogo kuliko vyote: huondolewa kwa mkono mmoja asubuhi na kurudishwa jioni.

Funika saa moja hivi kabla jua halijazama, ardhi ikiwa bado na joto la mchana. Anayefunika saa nne usiku baada ya kusikia tangazo la hali ya hewa anafungia baridi ndani. Bado ni afadhali kuliko kutofunika, lakini ameshapoteza sehemu kubwa ya alichokinunua.

Udongo ndio jiko

Mchanga mkavu ni kizuizi cha joto. Uwezo wake wa kupitisha joto ni takriban wati 0.3 kwa mita kwa nyuzi moja, wakati mchanga uliojaa maji unafika 2.2, zaidi ya mara saba. Maana yake, tuta kavu linapokea jua mchana kutwa juujuu tu, na usiku halina cha kurudisha. Tuta lililomwagiliwa linaliingiza joto chini kabisa na kulitoa polepole hadi asubuhi.

Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya usiku wa hatari, mwagilia hadi unyevu ufike kina cha sentimita 30. Kwa tuta lililokauka hiyo ni lita 20 hadi 30 kwa kila mita ya mraba, na lililo na unyevu tayari linahitaji nusu yake. Chomeka fimbo nyembamba ya chuma ya sentimita 30: inaposhuka kirahisi hadi kiganja cha mkono kigote ardhini, maji yamefika. Mwagilia asubuhi, ili uso wa udongo usiwe unakauka, na kwa hiyo kupoa, wakati wa jioni. Ng'oa magugu. Matandazo ya majani makavu, ambayo kiangazi ni rafiki mkubwa, usiku wa jalidi huzuia ardhi isipokee joto wala kulitoa. Yasogeze kando kutoka katikati ya matuta mwishoni mwa Novemba, uyarudishe Machi.

Hakuna bidhaa dukani inayoshinda hatua hii, na haina lebo. Kitambaa cha gramu 17 juu ya udongo uliolowa kinaweza kushindana na cha 50 juu ya vumbi.

Kipimajoto kabla ya kitambaa

Utabiri wa National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, unahusu hewa ya kimo cha mita 1.5 hadi 2, na mara nyingi unarejelea kituo cha uwanja wa ndege. Kwenye usiku tulivu wa nyota, usio na wingu, majani yaliyo sentimita 20 kutoka ardhini yanaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi mbili hadi nne. Utabiri ukisema nyuzi 3 juu ya sifuri, bustani ya bondeni inaweza kuganda. Katikati ya jiji la Phoenix, lami na majengo yanatunza joto hadi asubuhi, na miaka mingine jalidi haionekani kabisa, lakini mashamba ya pembezoni hayana kinga hiyo.

Nunua kipimajoto cha kidijitali kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku, chenye kihisi kwenye waya wa mita 2 au 3. Bei yake ni ndogo kuliko jora la kitambaa, na ndicho kitakachokuambia kama jora hilo linafanya kazi. Kijaribu kwanza: jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji baridi kidogo hadi mapengo yajae, koroga, zamisha kihisi katikati bila kugusa kioo, subiri dakika tano. Kisome sifuri. Kikisoma 1.2, andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mgongo wake "toa 1.2" na uendelee kukitumia. Kinachoruka huku na huku kirudishe dukani.

Kihisi kiwekwe kwenye kimo cha majani, katikati ya tuta, chini ya kitambaa. Kama una viwili, cha pili kikae nje kwenye kimo hichohicho. Tofauti ya namba hizo mbili asubuhi ndiyo tathmini ya kweli ya kitambaa chako. Ikiwa chini ya nyuzi moja, usikimbilie kununua kizito zaidi, tafuta kwanza upenyo ukingoni na upime unyevu wa udongo. Kosa la kawaida ni kukitundika kipimajoto kwenye ukuta wa nyumba unaotazama kusini. Ukuta huo umeota jua siku nzima na utakudanganya kwa nyuzi kadhaa. Faida yake ni nyingine: ndio mahali pazuri pa kusogeza vyungu vya pilipili na mrehani.

Namba nyingine ya kutazama ni kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa inatakiwa kushuka ndipo mvuke wake uanze kuwa maji. Kikiwa chini sana, usiku utashuka haraka. Vituo vya hali ya hewa vya AZMET, vya University of Arizona, vilivyotawanywa katika maeneo ya kilimo, huonyesha kiwango hicho pamoja na joto la udongo, bila malipo. Jioni ikiwa na anga isiyo na wingu, upepo umelala, na kiwango cha umande kiko nyuzi 5 au zaidi chini ya sifuri, funika bila kusubiri tangazo.

Vya kuongeza joto: kimoja kizuri, kimoja cha kati

Taa za Krismasi za mtindo wa zamani, zenye balbu za waya unaowaka, ni kifaa halali cha kilimo Arizona. Balbu moja ya ukubwa wa C9 ni wati 7, uzi wa balbu 25 ni wati 175, na karibu zote hugeuka joto. Uzi mmoja ulioviringishwa kwenye matawi ya chini ya mlimau mdogo, kisha mti wote ukafunikwa hadi ardhini, unaongeza nyuzi za kutosha kuuvusha usiku ambao kitambaa peke yake kingeshindwa. Kwa saa 10 unatumia uniti 1.75 za umeme. Taa za LED zinapendeza lakini hazitoi joto la maana, na siku hizi ndizo zilizojaa madukani, kwa hiyo soma wati kabla ya kulipa. Balbu isiguse kitambaa. Waya na soketi ziwe za nje, zenye kikata umeme cha usalama, na maungio yainuliwe juu ya udongo uliolowa.

Madumu ya maji chini ya kitambaa ni ushauri unaosambaa sana. Yanafaa kiasi, tuseme ukweli wa hesabu. Dumu la lita 20 likipoa kutoka nyuzi 15 hadi sifuri linatoa takriban kilojuli 1,250, sawa na ule uzi wa taa ukiwashwa saa mbili. Ili kufidia uzi mmoja kwa usiku wote unahitaji madumu matano, na yote yawe yameota jua mchana. Kwa tuta lisilofikiwa na umeme, na kwa anayehifadhi madumu hata hivyo, ni sawa. Kuyanunua kwa kazi hii si busara.

Viwili vya kuacha dukani

Cha kwanza ni mfuko wa kufunika mti wenye kamba ya kukazia kwenye shina. Unaonekana wa kisasa, una zipu, na kwa mti mkubwa hauna kazi. Ukiukaza kwenye shina, joto la ardhini halina njia ya kuingia, na matawi yaliyofungwa ndani yanapoa kama ya nje. Kama umeshaununua, usiikaze kamba, fumua mshono wa chini, ushushe hadi ardhini kama hema na uweke mawe.

Cha pili ni nailoni nyembamba angavu ya polithini. Inaruhusu joto la ardhi kupita kwenda angani karibu kama vile haipo, jani linaloigusa huungua, na ikisahaulika hadi saa nne asubuhi, jua la Arizona linapika kilichosalimika. Ina nafasi yake juu ya kitambaa wakati wa mvua ya baridi, ili kitambaa kisilowe, na itolewe asubuhi.

Kuhusu kunyunyizia maji juu ya mimea usiku kucha, njia inayotumika kwenye mashamba makubwa: maji yanapoganda hutoa kilojuli 334 kwa kilo, na hilo ndilo linaloilinda mimea. Lakini yakivukizwa yananyonya takriban 2,500, mara saba na nusu. Katika hewa kavu ya jangwa uvukizi ndio unaoanza. Hewa ikiwa na nyuzi 3.3 na kiwango cha umande kikiwa 6 chini ya sifuri, jani lililoloweshwa hushuka hadi sifuri kamili kabla maji hayajasaidia chochote. Anayewasha kinyunyizio akiona kipimajoto kimefika sifuri ameshachelewa, na anayekizima kabla ya barafu kuyeyuka ameharibu zaidi ya asiyefanya kitu. Milimita 3 kwa saa juu ya hekta moja ni lita 30,000 kila saa. Kwa bustani ya nyumbani Arizona, kwa bei ya maji na chumvi iliyomo, hapana.

Mmea gani unastahili kitambaa

Kitambaa kina kikomo, na mimea mingine haikihitaji. Sukuma wiki iliyozoea baridi inastahimili nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, na baada ya jalidi majani yake huwa matamu zaidi. Spinachi, vitunguu, karoti na njegere za majani pia ziache wazi. Saladi inapona kwenye jalidi nyepesi lakini ngozi ya majani yake huvimba na kubanduka. Huko Yuma, ambako mboga nyingi za majani za Marekani za majira ya baridi hulimwa, wavunaji husubiri hadi barafu iyeyuke ndipo waiguse. Nawe fanya hivyo, maana jani lililoganda likishikwa linakufa kwenye alama za vidole.

Mchicha, bamia, nyanya, maharage na matembele huanza kuganda karibu na nyuzi moja chini ya sifuri. Mrehani unakuwa mweusi hata kabla ya kufika sifuri. Gramu 30 zinaweza kuzisogeza hizi hadi katikati ya Desemba, pengine zaidi ndani ya jiji, ila mchicha na bamia zimeshaacha kukua kwa baridi ya kawaida, hivyo unalinda mmea uliosimama. Vuna, kausha mbegu, uachane nazo hadi Machi. Matembele chukua vipandikizi uviweke ndani kwenye maji dirishani. Muhogo wa sombe utapoteza majani yote, nao ukatwe shina lihifadhiwe mahali pakavu pasipoganda, na shina la chini lifunikwe kwa udongo.

Kitambaa kipewe kwanza miti michanga: ndimu na limau, ambazo ni dhaifu kuliko chungwa, kisha papai, mwembe na mgomba. Tunda la chungwa au limau huanza kuharibika likikaa saa nne hivi kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Mgomba utaunguzwa majani ila tunguu lake ardhini huchipua tena. Papai lililoganda shina halirudi.

Mmea ukiunguzwa, usipogoe. Majani yaliyokufa yanakinga yaliyo chini yake kwa jalidi inayofuata, na mpaka wa tawi lililo hai hauonekani hadi machipukizi ya Machi au Aprili. Mbolea ya naitrojeni nayo isimamishwe tangu Oktoba, kwa kuwa chipukizi laini ndilo linaloganda kwanza.

Kutunza kitambaa

Jua la jangwa linakila kitambaa hiki kuliko baridi. Hakikisha lebo inasema kimetiwa kinga ya miale ya jua. Kisicho nayo huanza kukatika kama karatasi kabla msimu haujaisha. Asubuhi, hewa ikipita nyuzi 5 na barafu ikiwa imeyeyuka, kivute kikae upande wa kivuli wa tuta, kimekunjwa, mfuko wa mchanga juu yake. Mwisho wa Februari kwa Phoenix, katikati ya Machi kwa Tucson, kikung'ute, kioshwe kwa maji bila sabuni, kianikwe kivulini hadi kikauke kabisa, kisha kiwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa nailoni hautoshi: panya wa jangwani hukipenda kwa kutengenezea kiota, na mtakutana Novemba inayofuata kikiwa na matundu yasiyozibika.